Funda la Maji la Mzee Bomba

Je, msikilizaji wangu, unapopika nyumbani kwako, unatazama wapi? Unatazama ukuta, au unatazama mlango? Usinijibu haraka. Kaa na swali hilo mpaka tufike mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena tukae pamoja. Huu ndio wakati wetu wa kuwakumbuka waliotutoka, na mimi ni yule bibi yenu wa siku zote. Kama una chai, isogeze karibu. Kama una mtoto analia, mpakate tu, tutasikilizana naye hivyo hivyo.

Leo tunamkumbuka fundi mwashi mmoja. Watu wote walimwita Mzee Bomba. Alijenga majiko, yale ya matofali yenye bomba la kutolea moshi. Tena aliwafundisha watu wa kwao kuyakagua majiko hayo wenyewe, bila kungoja mtu wa mbali. Narudia kwa ajili yako uliyefungua redio sasa hivi: alijenga majiko, na alifundisha watu kuyakagua. Ametutoka mwezi uliopita kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alisema ni vumbi la saruji la miaka mingi.

Jina la Bomba lilitokana na kazi yake. Alitembea kwa miguu na bomba la bati begani, refu kumshinda yeye mwenyewe. Akikunja kona, bomba linatokea kwanza, mwenye bomba anafuata baadaye. Watoto wakawa wanaimba, "Bomba hilo! Bomba hilo!" Basi likamganda. Hata mkewe akiulizwa mume yuko wapi, anajibu, "Bomba limetoka asubuhi."

Nilikwenda kwa dada yake mkubwa, yule ambaye watoto wa marehemu wanamwita Shangazi. Nilimkuta amekaa mkekani anachambua mchele, ungo mapajani, na hakuuacha muda wote wa maongezi yetu. Nilimwomba anisimulie utoto wa mdogo wake. Akacheka kabla ya kuanza.

"Yule alizaliwa na udongo kwenye kucha," alisema Shangazi. "Siku moja baba alimtuma ajenge banda la bata. Akajenga. Kuta nzuri, zimenyooka, kona zimekaa sawasawa. Akatuita wote tukaone. Tukauliza, mbona bata wanalia na hatuwaoni? Kumbe wako ndani! Amewajengea pande zote, mlango amesahau! Baba alibomoa ukuta huku anafuta machozi ya kucheka."

Nikamwuliza, "Na yeye mwenyewe alisemaje?"

"Alisema, 'Lakini ukuta si mzuri, baba?' Ndiyo alivyokuwa. Akishaanza kujenga, anapenda ukuta, mlango unamtoka kichwani."

Lishike hilo, msikilizaji.

Alipokua akawa fundi mwashi hasa. Ukitaka ukuta ulionyooka, unamwita yeye. Na ndoa yake ilitoka hapo hapo kwenye ujenzi. Siku hiyo alikuwa anajenga ukuta wa jirani, na binti wa nyumba ya pili alikuwa akiwaletea mafundi maji kwa ndoo. Binti mwenyewe ana mwendo wake. Haharakishi kwa lolote. Maji hayafiki, saruji inakauka, jua linawaka. Fundi akapaza sauti, "Dada, fanya haraka, saruji inaganda huku!"

Binti hakubadili hata hatua. Akamjibu, "Basi iambie inisubiri."

Mafundi wote wakaangusha miiko kwa kicheko. Saruji ile iliganda kweli, wakaimwaga. Lakini kabla ukuta haujaisha, wazee wa pande mbili walikuwa wameshaanza kutembeleana. Huyo binti ndiye mjane wetu leo. Mtaani wanamwita Mama Taratibu. Na jina limemkaa kama kiatu cha kupimiwa.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Walikuja watu wa mradi. Wakasema ni mradi wa hewa ukaa. Mimi niliposikia maneno hayo mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa. Mzee Bomba mwenyewe ndiye aliyenifafanulia, alipokuja hapa studio zamani, na alinifafanulia hivi. Ukipika kwenye mafiga, moto unakula kuni nyingi na moshi unakuwa mwingi. Ukipika kwenye jiko hili, kuni zinakwenda kidogo. Zile kuni zilizobaki, moshi wake haukupanda angani. Sasa huko mbali kuna viwanda vinavyotoa moshi na vinashindwa kuuzuia wote. Vinatafuta mahali ambapo moshi umepungua, vinachangia hapo, ili kufidia moshi wao. Mchango huo ndio unaonunua mabomba mapya, unaowalipa mafundi, unaomjengea jiko mama wa nyumba inayofuata.

Lakini hawachangii kwa maneno matupu. Wanataka kuhakikishiwa kwamba jiko linapikiwa kweli. Jiko likijengwa halafu likakaa tu, halijapunguza moshi hata chembe. Hapo mmeelewa? Jiko lazima lipikiwe. Na lazima mtu mwaminifu aende akaone kama linapikiwa.

Mzee Bomba alijifunza kujenga majiko hayo, na la kwanza kabisa alilijenga nyumbani kwake. Alitaka kumshtukiza mkewe. Mama Taratibu alikuwa ametoka kwenda kumwona dada yake anayeumwa. Mume akafanya kazi tangu asubuhi. Jiko akalibananisha na ukuta wa nyuma, maana pale bomba lilipanda moja kwa moja mpaka juu ya paa bila kona. Mkewe aliporudi, alimshika mkono akamwingiza jikoni.

"Zuri, sivyo?" akamwuliza.

"Zuri," mkewe akasema. "Asante, baba watoto."

Akafurahi, akaita majirani waje waone.

Baada ya hapo akaanza kujenga mitaani. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja mwenye pacha, watoto wawili watundu ambao ukiwapa kisogo tu wameshafika barabarani. Mama Pacha hana aibu ya kusema. Mzee Bomba alipoanza kupanga matofali kwenye ukuta wa nyuma, yule mama alisimama, mikono kiunoni.

"Fundi, hapo nitapika nimetazama ukuta?"

"Bomba linapanda vizuri hapa, mama."

"Bomba linapanda, na watoto wangu je? Mgongo wangu una macho?"

Fundi akakuna kichwa. Akabomoa. Akalijenga ubavuni, bomba akalipinda kidogo, na mama akawa anapika huku anauona mlango na uwanja wote. Kuanzia siku hiyo kila jiko alilojenga lilitazama mlango. Yote, isipokuwa lile la kwanza. Narudia: yote yalitazama mlango, isipokuwa lile la nyumbani kwake.

Kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na kuuliza kama majiko yanapikiwa waliifanya Mzee Bomba na wenzake wa hapa. Sasa mkaguzi wa kwanza akaja kuhakiki majibu yao. Alikuwa mama mmoja mpole, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Habari za kuja kwake zilitangulia. Na wewe msikilizaji unajijua. Mgeni mkubwa anakuja kutazama jiko lako. Utamwonyesha masizi?

Basi mitaa yote ikaingia kwenye usafi. Wanawake walikwangua majiko. Wakayapaka udongo mpya, wengine chokaa. Juu yake wakatandika vitambaa vya kufuma, na maua ya plastiki kwenye kopo. Na ili jiko lisichafuke kabla mgeni hajafika, asubuhi ile kila mtu alipika nje, kwenye mafiga.

Mkaguzi aliingia kwa Mama Pacha. Akaweka kiganja juu ya jiko. Baridi. Akachungulia mdomo wa jiko. Peupe kama sahani. Akatoka uwani, akakuta mafiga, moto unanguruma, maharage yanatokota.

"Mama, lile jiko la ndani unalipikia?"

"Kila siku!" akajibu Mama Pacha, mwiko mkononi, moshi machoni.

Mkaguzi akaandika. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo, tena huko kulikuwa na picha ya harusi juu ya jiko. Majiko yale yalikuwa yanapikiwa kweli, wasikilizaji. Lakini siku ile moja ya kuonekana, yote yalikuwa mapambo.

Mzee Bomba alipofika kwa Mama Pacha na kuona chokaa, alishika kichwa.

"Mama Pacha, umenimaliza!"

"Nimekumaliza kwa lipi? Nimekupambia jiko lako!"

"Ungeniachia masizi yangu, mama! Yale masizi ndiyo yangenitetea!"

Ofisi ya mradi haikuficha. Watu wa hapa wakisema majiko yanatumika na haionekani, mchango utakatika. Wakapewa nafasi moja tu ya kujirekebisha. Wakikosa tena, kazi yote ya kuhesabu na kuuliza itakwenda kwa kampuni ya mbali, na watu wa hapa watabaki kuwafungulia wageni milango. Hilo ndilo lililomkosesha Mzee Bomba raha. Kila aliyekutana naye alimwambia: "Kazi hii ikiondoka mikononi mwetu, haitarudi."

Alimkimbilia mkaguzi pale alipokuwa anapanda gari. Hakwenda kubishana. Alikwenda kuuliza. "Mama, tumekosea wapi?"

Yule mama akashuka tena garini. Namshukuru sana mama yule, popote alipo. Alimwambia, "Sikilizeni mnavyouliza. Mnasema, 'Jiko ni zuri, sivyo? Unalitumia, sivyo?' Mtu mwenye adabu atajibu nini? Jibu mmeshampa. Muulizeni jiko linamuudhi wapi. Halafu nyamazeni. Mkinyamaza vya kutosha, atawaambia mengine yote."

Mzee Bomba akasema, "Kuuliza naweza. Hapo pa kunyamaza ndipo pana kazi."

Basi akaanzisha darasa. Waliazima chumba cha shule ya msingi siku za Jumamosi. Watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga meza. Alikuwepo msusi mmoja, mwenye saluni ndogo ya viti viwili. Alikuwepo fundi baiskeli, yule wa kibanda cha kuziba pancha. Na wengine, kila mtu na kazi yake. Mkaguzi aliwaachia namna ya kuchagua nyumba kwa kura, ili mtu asiende kwa rafiki zake tu. Wakajifunza kugusa jiko. Wakajifunza kutazama majivu, kama ni ya jana au ni ya mwaka juzi. Wakajifunza pia kuwaambia wenye nyumba: tafadhalini, acheni masizi.

Lakini kunyamaza! Hapo ndipo walipotaka kushindwa. Na aliyeshindwa kuliko wote alikuwa msusi. Kazi yake ni kusuka na kuongea. Mikono ikienda, mdomo nao unakwenda.

Siku moja walikuwa wanafanya mazoezi. Fundi baiskeli alijifunga kitambaa kichwani, yeye ndiye mama mwenye nyumba. Msusi akaja, hodi hodi, akaketi.

"Mama, jiko linakuudhi wapi? Ni bomba? Linavuja? Au kuni haziingii? Au linachelewa kuivisha? Linachelewa, eeh? Au mlango wake mdogo?"

Fundi baiskeli akajipepea na kitambaa. "Mwanangu, niache nipumue basi! Hata mume wangu haniulizi hivyo!"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mzee Bomba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaenda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni, akachota kikombe cha maji, akampa msusi.

"Uliza swali lako. Ukimaliza tu, piga funda. Liweke mdomoni. Usimeze mpaka mwenzako amalize kusema."

"Na nikipaliwa, mwalimu?"

"Utapaliwa kimya kimya."

Wakarudia. Msusi akauliza, akapiga funda, mashavu yakavimba kama anapuliza puto. Fundi baiskeli akamtazama. Akatazama chini. Akajisahau kwamba anaigiza. Akaanza kusema habari za jiko la nyumbani kwake, kwamba mama yake mzee hawezi kuinama hadi pale kuni zinapoingilia, na kwamba hajawahi kumwambia mtu. Msusi macho yamemtoka, maji mdomoni.

"Mmeona?" Mzee Bomba akasema.

Tangu siku hiyo kila mtu wa darasa lile hutembea na chupa ya maji. Usidhani ni kiu. Ni kazi.

Ukaguzi wa pili ukafika, na safari hii walionekana watu wanaojua wanachofanya. Walisema ukweli wote. Palipopikiwa waliandika panapikiwa. Pasipopikiwa wakaandika hivyo hivyo. Kuna nyumba walikuta kuku anaatamia mayai ndani ya jiko, wakaandika: jiko hili lina kuku. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Akawaambia wako kwenye njia nzuri. Ila ofisi ikaweka sharti la mwisho: ukaguzi unaofuata mwalimu asiwepo. Wanafunzi wake wafanye peke yao tangu mwanzo mpaka mwisho. Wakiweza, kazi ni yao moja kwa moja. Wakishindwa, kampuni ya mbali bado ipo.

Mama Taratibu anakumbuka siku hiyo. "Alirudi anaimba," aliniambia. "Akasema, 'Wamenifukuza kazi, mke wangu! Wamesema sihitajiki tena!' Anacheka kama mtu aliyepewa zawadi. Nikamwambia, wewe mtu wa ajabu, watu hulia wakifukuzwa."

Kabla ukaguzi huo haujafika, kifua kikambana. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Wanafunzi wake walikwenda kumwona wodini. Fundi baiskeli alimwuliza, "Mwalimu, tukikwama tufanyeje?" Sauti ilikuwa imeshamkatika. Aliinua kidole taratibu, akakigusisha shavuni, akalivimbisha shavu. Wakacheka, wakatoka nje, wakalia.

Shangazi ndiye aliyekuwa naye mwishoni. "Aliondoka kwa utulivu," alisema, na hapo ndipo mkono wake uliposimama kwenye ungo. "Mdogo wangu hakupenda kuwasumbua watu."

Tulimzika. Na kazi ikabaki inasubiri.

Wakati wa kuchagua nyumba ukafika. Walikusanyika kwenye chumba kile kile cha shule, vikaratasi kwenye kopo la maziwa. Sasa nielewe hapa, msikilizaji. Zamani nyumba ya Mzee Bomba haikuwahi kuwekwa kwenye kopo. Ilikuwa kanuni. Mwalimu hawezi kukaguliwa na wanafunzi wake mwenyewe. Lakini sasa mwalimu hayupo, na kanuni ikasema nyumba ile ni nyumba kama nyingine. Ikawekwa. Na msusi alipotia mkono, aliitoa hiyo hiyo.

Akakisoma kikaratasi kwa sauti.

"Irudishe," fundi baiskeli akasema. "Vuta nyingine. Nani ataenda kumsumbua mjane na maswali ya jiko?"

Mwingine akasema, "Hakuna haja hata ya kwenda. Tuandike tu kwamba linapikiwa kila siku. Jiko la mwalimu! Nani asiyejua?"

Msusi akauliza, "Nani kati yetu amewahi kuingia jikoni kwake?"

Chai ya nyumba ile wote wameinywa, lakini wameinywa sebuleni. Jikoni hakuna aliyefika.

"Basi hatujui," msusi akasema. "Naenda mimi."

Nyumba moja tu, wasikilizaji. Lakini kama wangeandika nyumba hiyo moja kwa heshima, bila kuuliza, basi yote aliyowafundisha yangekuwa yamezikwa naye.

Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa mjane. Nilikuwa nimekwenda kumpa pole na kumwomba maneno mawili matatu ya kipindi hiki. Ndipo hodi ikapigwa. Nilikuwepo, niliona, nilisikia. Na Mama Taratibu ameniruhusu niwaambie.

Lakini kwanza niwape habari ya ukaguzi. Mkaguzi amekuja, yule yule mama wa miwani ya kamba, na amekwenda. Aliomba aonyeshwe nyumba ya mwalimu kabla ya zote. Akasoma alichoandika msusi. Akaenda kuona mwenyewe, akagusa jiko, akatazama na uwani. Akarudi akasema, "Kama nyumba hii mmeiandika hivi, nyingine nitawaamini." Kazi imebaki mikononi mwa watu wa hapa. Narudia, maana ndilo alilolihangaikia miaka yote: kazi imebaki mikononi mwa watu wa hapa.

Kwa Mama Taratibu, kwa watoto wake na wajukuu, kwa Shangazi, tunasema poleni sana. Msiba huu si wenu peke yenu. Kwa msusi, kwa fundi baiskeli na darasa zima la Jumamosi, poleni kwa kumpoteza mwalimu. Na wewe unayenisikiliza, leo redio ikizimwa, mtazame mtu mmoja wa nyumbani mwako. Yule unayedhani unamjua kabisa. Mwulize jambo moja linalomuudhi. Usimsaidie kujibu. Kama mdomo wako ni mwepesi, kikombe cha maji si ghali.

Haya, twendeni jikoni.

Ni chumba kidogo cha kupikia, kisafi. Masufuria yamening'inia kwa ukubwa wake, dogo mpaka kubwa. Jiko la matofali liko kwenye ukuta wa nyuma, kona zake zimenyooka mpaka leo. Mlango uko upande wa pili, na kupitia mlangoni unaiona njia yote hadi kwenye kona. Nje, pembeni ya kizingiti, kuna mafiga. Majivu yake yalikuwa mapya. Msusi aliyaona. Mimi nilimwona akiyaona.

Akaketi kwenye kigoda, chupa yake mkononi. Akasema kwa adabu, "Mama, nimetumwa na kazi ya mwalimu. Naomba kuuliza. Jiko linakuudhi wapi?"

Akapiga funda.

"Haliniudhi," Mama Taratibu akasema. "Ni zuri."

Msusi kimya, mashavu yamejaa. Mama akachukua kitambaa, akafuta juu ya jiko mahali ambapo palikuwa pasafi. Akakikunja kitambaa. Akakikunjua.

"Asubuhi napika hapa," akasema. "Jioni napika nje."

Msusi kimya. Machozi yameanza kumtoka, lakini maji hakumeza. Nami nikaubana mdomo wangu, na mnanijua.

"Jioni ndiyo alikuwa anarudi," Mama Taratibu akasema. "Nikipika hapa nakuwa nimeupa mlango mgongo. Nasikia tu bomba linawekwa chini, nikigeuka ameshapita kwenda kunawa. Siku ile aliniuliza, 'Zuri, sivyo?' Nikasema zuri. Ningesemaje, na mtu ameshinda juani kwa ajili yangu? Na kweli ni zuri."

Akaweka kiganja juu ya jiko, pale ubavuni.

"Nilitaka alijenge upande ule. Nipike huku namwona anakuja."